Kidonge cha Miaka Mitano



Somo letu la leo ni juu ya kidonge kimoja kidogo. Mara nyingi ni cheupe. Ni cha kumeza, na mgonjwa anakimeza mara moja tu kwa siku. Anakimeza leo, kesho, keshokutwa, mpaka miaka mitano iishe. Jina lake ni tamoksifeni. Ni dawa ya watu waliougua saratani ya titi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kansa ya matiti.

Tumechagua somo hili kwa sababu wako akina mama wa vijijini wanaopelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Wanakatwa uvimbe, wengine wanapigwa mionzi, wengine wanatundikiwa dawa kali za dripu. Mwisho wanapewa kidonge hiki na kuambiwa waende nacho nyumbani. Hospitali inabaki Dar es Salaam, kidonge kinakuja kijijini. Na huku kijijini daktari wa saratani hayupo. Waliopo ni majirani, mama mkwe, na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Wewe uliyemaliza kisomo ndiye utakayeitwa uisome.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amerudi kijijini baada ya kukatwa titi. Kidonda kimepona. Anakwenda shamba, anateka maji, anacheka na wenzake. Kila asubuhi anameza kidonge chake. Mwezi wa tatu anaanza kusikia joto la ghafla, linapanda kifuani mpaka usoni, jasho linamtoka hata usiku wa baridi. Jirani anamwambia, "Mwenzangu, hiyo dawa inakuunguza ndani. Si umeshapona? Iache." Mama anaona maneno ya jirani yana maana. Anaiweka dawa juu ya kabati, inakaa huko.

Jirani hakuwa na nia mbaya. Lakini hakujua kidonge kile kinafanya kazi gani. Sisi tutajifunza leo.

UGONJWA WENYEWE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe nyingi ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe huzaliwa, hukua, huzeeka na kufa, kila moja kwa zamu yake. Saratani ni pale chembe zinapokataa zamu. Zinazaliana ovyo, zinafanya uvimbe, na baadhi yake zinasafiri kwenye damu na kwenda kujenga mahali pengine: kwenye mifupa, kwenye mapafu, kwenye ini.

Katika Tanzania, saratani inayowapata wanawake wengi zaidi ni ya mlango wa kizazi. Ya titi inaifuata. Dalili zake yafaa kila mtu azijue: uvimbe kwenye titi au kwapani, mara nyingi usiouma, ngozi ya titi kuvutika ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, kidonda kisichopona. Wengi wanachelewa kwa sababu uvimbe hauumi. Tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa. Basi hapa tuache mazoea hayo. Uvimbe usiouma nao upelekwe hospitali.

Wanaume nao wasifikiri somo hili haliwahusu. Mwanamume ana titi, dogo, na wako wachache wanaopata saratani yake. Nao hupewa kidonge hiki hiki.

MELI NA GATI

Sasa tuje kwenye kazi ya dawa. Anayekaa pwani au kando ya ziwa anajua gati. Ni mahali meli inapofunga ili ishushe mzigo. Bandari ya Dar es Salaam ina magati mengi. Meli ikifika na kukuta gati limejaa, inabidi itie nanga nje na kungoja.

Katika mwili wa mwanamke kuna kichocheo kinachoitwa estrojeni. Ndicho kinachomfanya msichana aote matiti na kupata hedhi. Kinatembea katika damu kama meli. Chembe za titi zina magati yake. Estrojeni inapofunga gatini, inashusha amri: kueni, zaaneni. Kwa mtu mzima wa afya amri hiyo haina ubaya. Lakini chembe za saratani zenye magati nazo zinaipokea, na kwao amri hiyo ni chakula.

Tamoksifeni ni meli nyingine. Inawahi gati, inafunga kamba, inakaa. Haishushi amri yoyote. Estrojeni ikifika inakuta nafasi imejaa, inabaki inaelea tu. Chembe za saratani zilizojificha mwilini, ambazo kisu cha daktari hakikuzifikia, zinakosa chakula. Nyingine zinalala, nyingine zinakufa.

Hapo tunaona kwa nini mgonjwa anaambiwa ameze hata anapojisikia mzima. Hamezi kwa ajili ya maumivu aliyonayo. Anameza kwa ajili ya chembe ambazo hakuna anayeziona. Na meli haikai gatini milele. Dawa hubaki mwilini kwa siku kadhaa, ndiyo maana kusahau siku moja hakuleti msiba. Ila ukiacha wiki na miezi, magati yote yanakuwa wazi tena.

SI KILA SARATANI YA TITI

Hapa ndugu wanakisomo naomba tusome polepole, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Ziko saratani za titi ambazo chembe zake hazina magati ya estrojeni. Ni kama pwani ya mawe matupu. Meli gani itafunga hapo? Mgonjwa wa namna hiyo akimeza tamoksifeni miaka mitano, atapata madhara yake yote na faida hataipata. Yeye anahitaji matibabu ya namna nyingine.

Tutajuaje? Kwa kipimo. Daktari anachukua kinyama kidogo kwenye uvimbe na kukipeleka maabara. Huko wanakipaka dawa maalumu na kutazama kwa hadubini kama magati yapo au hayapo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Upanga, inafanya kipimo hiki. Majibu yake huandikwa kwa herufi ER, na pembeni alama ya kujumlisha au ya kutoa. Alama ya kujumlisha maana yake magati yapo. Alama ya kutoa maana yake hayapo. Zamani katika darasa la hesabu tulijifunza alama hizi kwa kuhesabu magunia. Leo zinatusaidia kusoma cheti cha mgonjwa.

Kwa hiyo mtu asimpe mwenzake dawa hii kwa kuwa "na yeye ana kansa ya titi kama mimi". Ugonjwa una jina moja, lakini si wa aina moja.

ILIKOTOKA

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, aliandika kwamba amewatoa wagonjwa vifuko vya mayai ya uzazi na saratani yao ya titi ikapungua. Wakati huo hakuna aliyejua estrojeni ni nini, lakini alikuwa amegusa ukweli: ziko saratani za titi zinazolishwa na mwili wa uzazi.

Mwaka 1962 huko Uingereza, katika kampuni ya ICI, mwanakemia mwanamke aitwaye Dora Richardson alitengeneza tamoksifeni kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wanatafuta dawa ya saratani. Walitaka kidonge cha kuzuia mimba! Kwa panya ilifanya kazi vizuri. Kwa wanawake ilifanya kinyume, ikachochea yai kutoka. Ilikuwa karibu itupwe. Lakini mwaka 1971 madaktari wa Hospitali ya Christie mjini Manchester walitangaza kwamba wamewapa wagonjwa wa saratani ya titi iliyoenea, na baadhi yao wamepata nafuu. Mwaka 1977 Marekani nayo ikaikubali. Leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa ambazo kila nchi inapaswa kuwa nazo.

Msomaji akumbuke hilo la yai. Tutalirudia.

INASAIDIA KIASI GANI?

Mwaka 2011 watafiti wa Oxford walikusanya hesabu za majaribio mengi yaliyofanyika miaka mingi. Waliwatazama wanawake wenye saratani yenye magati, wakawafuata kwa miaka 15. Katika kila wanawake 100 ambao hawakupangiwa tamoksifeni, kama 33 walikufa kwa saratani ya titi. Katika kila 100 waliopangiwa kuitumia miaka mitano, walikufa kama 24.

Toa 24 katika 33. Jibu ni tisa. Wengine watasema tisa ni wachache. Mimi nasema tuwahesabu tisa hao katika kijiji chetu, mmoja mmoja, pamoja na watoto wao, ndipo tuseme kama ni wachache.

Ni lazima pia tuwe wakweli. Kidonge hakikuwaokoa wote 33. Anayekuambia tamoksifeni inamaliza saratani kwa kila mtu anakudanganya, kama vile anayekuambia haina faida. Wengine hupewa dawa hii wakati saratani imeshaenea, na kwao kazi yake ni kuirudisha nyuma kwa muda na kupunguza mateso.

Wako wanaoambiwa waendelee mpaka miaka kumi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kuendelea hivyo kunaongeza kinga, lakini kunaongeza na baadhi ya madhara. Uamuzi huo ni wa mgonjwa na daktari wake. Na kwa mama aliyekwisha koma hedhi, daktari anaweza kuchagua kidonge kingine kiitwacho anastrozoli, ambacho kinapunguza meli zenyewe badala ya kuziba gati. Hicho nacho kina shida yake, kinadhoofisha mifupa.

NAMNA YA KUMEZA

Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku. Kwenye boksi zinaandikwa "20 mg". Kama daktari ameandika 20 na famasi imekupa vidonge vya 10 mg, basi ni viwili kwa siku. Soma kabla ya kumeza, na kama huna hakika, uliza.

Chagua saa moja na uishike. Meza na maji, umekula au hujala. Ukisikia kichefuchefu, meza baada ya chakula. Katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa aliyeruhusiwa kufunga anaweza kumeza usiku, baada ya kufuturu au wakati wa daku, maana ni mara moja tu kwa siku.

Ukisahau, meza pale unapokumbuka. Lakini ukikumbuka karibu na saa ya kidonge kinachofuata, kiache kilichopita. Usimeze viwili kwa mara moja ili kufidia.

Dawa ikae ndani ya boksi lake, mahali pakavu, pasipo jua wala moto. Juu ya kabati karibu na jiko si mahali pake. Ikae mbali na watoto.

MADHARA YA KAWAIDA

Lile joto la mama wa mfano wetu ndilo linalolalamikiwa zaidi. Si alama kwamba dawa inaunguza tumbo au ini. Ni mwili unaolalamika kwamba estrojeni haifiki, kama unavyolalamika kwa mama anayekoma hedhi. Kwa wengi linapungua baada ya miezi kadhaa. Vaa nguo nyepesi, kama khanga, badala ya nguo nzito za kubana. Lala penye hewa. Punguza pilipili, chai ya moto sana na pombe. Weka maji ya baridi karibu na kitanda. Wengine wanaona nafuu kwa kubadili saa ya kumeza.

Wengine hutokwa na uteute ukeni, au wanakuwa wakavu. Wengine hupata kichefuchefu, uchovu, misuli ya miguu kukaza usiku, au huzuni isiyo na sababu. Hedhi inaweza kuvurugika au kusimama. Mambo haya mwambie mganga wa zahanati na daktari wako. Usiyafiche kwa kuona haya. Daktari aliyesikia kilio cha joto mara elfu hataona ajabu kukisikia kwako. Mara nyingi iko njia ya kusaidia bila kuacha dawa.

MADHARA YA HATARI

Haya ni machache, lakini yakitokea si ya kungojea kesho.

La kwanza ni damu kuganda ndani ya mshipa. Mara nyingi huanza mguuni: mguu mmoja unavimba, unauma kwenye shavu la mguu, unakuwa wa moto, na mwenzake uko salama. Bonge la damu likikatika na kwenda kwenye mapafu, mtu anabanwa pumzi ghafla, kifua kinachoma, pengine anakohoa damu. Akifikia hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Mgonjwa anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza au Mbeya kwenda Dar es Salaam asikae siku nzima miguu imekunjwa. Basi likisimama, ashuke, atembee. Ndani ya basi achezeshe vifundo vya miguu. Anywe maji. Wako wanaokwepa kunywa maji ili wasihangaike na choo njiani. Kwa mtumiaji wa dawa hii ukwepaji huo haufai. Na akitaka kufanyiwa upasuaji wowote, au akivunjika mguu na kuwekewa plasta, aseme mapema kwamba anatumia tamoksifeni.

La pili ni mji wa mimba. Hapa kuna ajabu. Meli ile ile ambayo kwenye titi haishushi kitu, ikifika kwenye mji wa mimba inashusha kidogo amri ya kukua. Kwa hiyo dawa hii inaongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba, hasa kwa waliokwisha koma hedhi. Hatari ni ndogo kuliko faida, lakini ipo. Mama aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone moja, aende hospitali. Asiseme "ujana umerudi". Na mama ambaye bado anapata hedhi akiona damu katikati ya mwezi, au uchafu usio wa kawaida, naye aende.

Kwenye mifupa amri hiyo inayoshuka ina manufaa. Kwa mama aliyekoma hedhi inasaidia mifupa isidhoofike upesi. Dawa haina upande mmoja.

Mengine ni kiharusi, yaani mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Macho kuona ukungu, maana dawa inaweza kuleta mtoto wa jicho. Na macho kuwa manjano, dalili ya ini kupata shida. Popote unapokwenda kutibiwa, nenda na boksi la dawa mkononi. Mhudumu akiliona ataelewa upesi kuliko kwa maelezo marefu.

NANI AJIHADHARI

Mama mjamzito asiitumie dawa hii. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayenyonyesha naye asiitumie. Sasa turudi kwenye lile yai. Tamoksifeni haizuii mimba. Hata hedhi ikisimama, mimba inaweza kuingia. Mama ambaye bado ana umri wa kuzaa anatakiwa ajikinge muda wote wa dawa, na miezi kadhaa baada ya kumaliza, kama daktari atakavyomwambia. Na asijikinge kwa sindano, vijiti au vidonge vya uzazi wa mpango, maana vina vichocheo visivyomfaa mtu wa saratani ya titi. Atumie kondomu, au kitanzi cha shaba kisicho na vichocheo.

Jambo hili mama hawezi kulifanya peke yake. Baba wa nyumba, somo hili ni lako pia. Mkeo akirudi na kidonge hiki, kaeni mzungumze. Ukavu ukeni, uchovu, joto la usiku linalomfanya atupe shuka, yote ni ya dawa. Si dharau, wala si ishara kwamba moyo wake umekwenda kwingine. Wako waliokimbiwa kwa sababu ya titi moja lililokatwa. Nayaandika haya kwa uchungu, maana mtu aliyekimbiwa ni nani atamkumbusha kidonge?

Dawa nyingine nazo zinagombana na tamoksifeni. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inapunguza nguvu zake. Baadhi ya dawa za huzuni, kama fluoksetini na paroksetini, zinafanya hivyo hivyo. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, ikichanganywa nayo inaweza kuleta kutokwa na damu. Haina maana mgonjwa wa kifua kikuu aache dawa zake, la hasha! Maana yake ni kwamba kila anayekuandikia dawa ajue unachotumia, iwe ni dawa ya malaria, ya virusi vya UKIMWI au ya presha. Na mitishamba vile vile. Sikatazi mtu kumheshimu mganga wa jadi. Ila mtu mwenye uvimbe akizunguka kwa waganga miezi minane, saratani haimngojei.

DAR ES SALAAM NA KARIAKOO

Wagonjwa wengi wa saratani hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kando ya bahari, si mbali na Ikulu, mahali unapoziona meli zikiingia na kutoka bandarini. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Barabara ya mbele yake tangu mwaka 2013 ina jina la Barack Obama, lakini ukimwambia kondakta "Ocean Road" anakuelewa. Mabasi ya mikoani yanaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi. Kutoka upande huo tafuta usafiri wa kwenda Kivukoni, kisha uliza njia. Beba barua ya rufaa, majibu yote ya vipimo, na daftari. Walio karibu na Moshi au Mwanza waulize kwanza KCMC na Bugando, ambako saratani nayo inatibiwa.

Kama dawa imekosekana hospitali, wengi wanaelekezwa Kariakoo. Huko famasi ni nyingi, mtaa kwa mtaa. Bei hazifanani, kwa hiyo ulizia mbili tatu kabla ya kutoa pesa. Lakini nunua ndani ya famasi yenye kibali kilichobandikwa ukutani, na cheti cha daktari mkononi. Usinunue barabarani kwa mtu aliyeshika mfuko, hata kama anakuita mama mdogo na kukupunguzia.

Kabla hujaondoka kaunta, soma. Tafuta neno TAMOXIFEN, hivyo ndivyo linavyoandikwa. Pengine juu yake kuna jina jingine kubwa, kama Nolvadex. Hilo ni jina la kibiashara, dawa ni ile ile, na yenye jina kubwa si lazima iwe bora kuliko ya bei nafuu. Kisha tafuta namba ya miligramu. Kisha herufi EXP. Baada yake kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia. Ikiandikwa EXP 08/2028, maana yake mwisho ni Agosti 2028. Kama boksi limefunguliwa au maandishi yamefutika, rudisha. Omba risiti.

Anayekaa mbali aombe dawa ya miezi mitatu kwa pamoja, maana nauli ya kila mwezi inaweza kuzidi bei ya dawa. Asiyeweza kulipa aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajarudi nyumbani kimya kimya. Mwenye bima ya afya aulize kama dawa hii imo.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa chini ya miembe kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Mikutano ya namna hiyo bado inawezekana. Mwaka 2005 madaktari wanawake wa chama cha MEWATA walianzisha kampeni ya kuwapima akina mama matiti Dar es Salaam. Kikundi chenu kinaweza kumwita mhudumu wa zahanati siku moja awaonyeshe akina mama namna ya kujichunguza.

HESABU NA MASWALI YA KIKUNDI

1. Mwaka una siku 365. Mgonjwa anameza kidonge kimoja kwa siku. Atameza vidonge vingapi kwa miaka mitano? Usisahau mwaka mrefu, wenye siku 366.

2. Kadi moja ya dawa ina vidonge kumi. Mama amepewa kadi tatu, akaanza kumeza tarehe 4 Juni. Kidonge cha mwisho atakimeza tarehe ngapi? Kutoka kijijini kwenu mpaka famasi ni mwendo wa siku ngapi? Basi aanze safari lini?

3. Chora kalenda ya mwezi huu katika daftari. Onyesha jinsi mgonjwa asiyejua kusoma atakavyoweka alama kila anapomeza.

4. Jirani anamwambia mgonjwa, "Umeshapona, acha dawa." Wawili wenu waigize, mmoja jirani, mmoja mgonjwa. Mgonjwa amjibu kwa mfano wa meli na gati.

5. Mama wa miaka 60, anayetumia tamoksifeni, ameona damu kidogo kwenye nguo. Binti yake anasema wangoje mpaka mavuno yaishe. Kikundi kinasemaje?

6. Katika kijiji chenu, nani atamsindikiza mgonjwa asiye na mume wala mtoto mkubwa mpaka Dar es Salaam, na nauli itatoka wapi?